Mugunga, mahali pa kufikia: kwa nini bei ni ndogo, na nani anailipa



Wazazi wengi wa chama chetu wanaleta ulizo moja. Mtoto amemaliza sekondari kule Nakivale ao Rwamwanja, Uganda, na sasa anataka kuja kusoma chuo kikuu hapa Goma. Afikie wapi? Kila mara jibu ni lile lile: Mugunga. Kule bei ni ndogo, na kule hakosi ndugu. Hata wale hawajakanyaga Goma, jina hilo wanalijua.

Katika kazi yangu ya mashinani ninapita kwenye avenyu za Mugunga karibu kila juma, na ninaona wanafunzi hao wakifika na furushi na godoro. Jibu la wazazi ni la kweli, lakini halitoshi. Bei ya Mugunga haikuwa ndogo bure. Ina sababu, na sababu zenyewe zimeanza zamani. Anayezijua atajua pia anachonunua. Ndiyo maana ukurasa wa historia wa toleo hili tunautoa kwa kartie hii.

Jiwe, ziwa na mazuku

Mugunga iko magharibi ya muji, kwenye barabara ya Sake, katika komini ya Karisimbi. Ukitoka katikati unapita Himbi, Kyeshero na Ndosho, kisha muji unaanza kupungua na mawe kuongezeka. Chini ni ziwa Kivu, juu ni Nyiragongo na Nyamulagira. Mbele ya kufika Sake, Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, inateremka mupaka karibu na barabara.

Pande hizi zote, kitu unakanyaga ni lava. Kati ya 1938 na 1940 Nyamulagira ilitoa lava nyingi, ikatiririka mupaka ziwani upande wa Sake. Lava haishiki maji. Mvua kubwa inanyesha, na kisha saa moja huoni hata kijito. Yote imezama kati ya mawe. Ni kwa hiyo hakuna mto, na maji ya kunywa yanatoka ziwani, yakibebwa kwa bidoni za lita 20 ao kuletwa na gari la tanki. Kuchimba choo ni kazi ya nyundo na siku nyingi, na choo kisicho na kina ndicho mlango wa kolera.

Jambo lingine ni mazuku. Ni jina ambalo watu wa hapa wameipa gazi karboniki inayotoka chini ya ardhi ya volkano. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa. Haipandi, inateremka na kujikusanya katika mashimo na mabonde madogo, sanasana usiku na asubuhi mapema, wakati upepo haujaanza. Haionekani, na mara nyingi hainuki. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Mtoto anamufuata mbuzi. Mashimo ya namna hiyo yako mengi kati ya Goma na Sake, kandokando ya ziwa, pamoja na pande za Bulengo na Lac Vert. Watu wa Observatwari ya Volkano ya Goma, iliyoanza 1986, wameyapima mengi na kuweka alama za hatari.

Lakini mbele ya alama, wenyeji walikuwa na ujuzi wao. Walijua shimo hili ni baya, na lile lingine ni baya asubuhi tu. Hawakujenga pale, na watoto walikatazwa kupita. Ujuzi huo haukuandikwa popote. Ulikuwa katika vichwa vya watu. Anayefika leo hana habari yake, na komisioneri anayemuonyesha parsele pengine hana habari pia, ao anayo na ananyamaza.

Hapo ndipo bei ndogo ilizaliwa: jiwe, maji ya mbali, na gazi. Historia iliyofuata iliongeza sababu nyingine.

1994 mupaka 1996: jina linajulikana dunia nzima

Katikati ya Julai 1994, kisha mauaji ya kimbari kule Rwanda, watu zaidi ya 800,000 walivuka mpaka kuingia Goma kwa muda wa siku chache. Kambi ziliwekwa Kibumba, Katale na Kahindo upande wa kaskazini, na Mugunga na Lac Vert upande huu wa magharibi. Wengi walikuwa raia wa kawaida. Ndani yao walikuwa pia wanajeshi wa serikali iliyoanguka na wanamgambo waliofanya mauaji, na hao ndio walishika kambi.

Kolera na tumbo la damu vilifika mbele ya maji safi. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 50,000 waliokufa katika mwezi wa kwanza. Jiwe lile lile lisiloshika maji halikukubali hata kuchimbwa kaburi; ilihitajika mashine kubwa kuzika wafu kwa pamoja. Kuni za kupikia zilitoka ndani ya Hifadhi, na sehemu kubwa ya pori ilikwisha.

Mu Novemba 1996 vita vilifika kambini. Watu wa kambi nyingine walikuwa wamekwisha kukimbilia Mugunga, na tarehe 15 mamia ya maelfu walianza kurudi Rwanda kwa miguu, wakipita katikati ya Goma. Wengine walikimbilia porini, magharibi, na wengi wao hawakuonekana tena.

Sisi wenye kurudi tuangalie jambo moja hapo. Siku ile ilikuwa moja ya siku za kurudi kubwa zaidi katika Afrika ya wakati wetu, na ilianzia hapa. Lakini haikuwa kurudi kwa kupanga. Watu walitoka kwa sababu mahali pa kukaa paliondoka chini ya miguu yao. Mugunga imeona namna hiyo ya kurudi zaidi ya mara moja.

Kwa kartie yenyewe kulibaki jina. Kwa miaka mingi, mtu akisema anaishi Mugunga aliulizwa: «Mu kambi?» Mahali penye jina la kambi hapapandi bei haraka.

2002: muji unasogea

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Lava ilipita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikafika ziwani. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Wengi walivuka kwenda Gisenyi, wengine wakaja kwa barabara ya Sake.

Kisha moto kupoa, watu walijenga tena juu ya lava ile ile, lakini si wote. Parsele katikati ya muji zilikuwa chache na bei yake ilipanda. Muji ukaanza kunyooka kuelekea magharibi. Kwanza Himbi na Katindo zilijaa, kisha Kyeshero na Ndosho, kisha ikawa zamu ya Lac Vert na Mugunga. Waliokuja hawakuwa matajiri: walimu, wenye kuponda mawe, wenye kusukuma chukudu, mama wenye kuuza sambaza na makala.

Walijenga nyumba za mbao na manjanja juu ya msingi wa mawe ya volkano. Mgeni anafikiri mbao ni alama ya umaskini tu. Mwenyeji anajua kwamba nyumba ya mbao inabomolewa kwa siku moja, inapakiwa, na kusimamishwa mahali pengine. Ni nyumba ya mtu aliyekwisha kukimbia mara moja. Katika muji wenye volkano na vita, hiyo ni akili pia.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena. Siku tano nyuma, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Mugunga haikuwa kati ya hiyo kumi; barabara yake ndiyo watu walipitia kwenda Sake. Tangu pale wengi walianza kuiangalia kartie hii kwa jicho lingine.

Kambi za ndugu zetu wenyewe

Kuanzia 2007, vita vya Masisi na Rutshuru vilileta Wakongomani wenyewe. Kambi zikaitwa Mugunga I, Mugunga II, Bulengo, Buhimba; kisha Mugunga III. Mu 2009, kisha mapatano ya tarehe 23 Machi, kambi karibu zote zilitolewa kwa majuma machache. Wengine walirudi vijijini. Wengine walikuta shamba limechukuliwa, ao vita bado viko, wakarudia Mugunga, mara hii kama wapangaji. Mu Novemba 2012 vita viliingia Goma kwa siku kumi hivi, na kambi zikajaa tena.

Kuanzia 2022 ilikuwa vile vile, kwa wingi zaidi: Bulengo, Lushagala, na nyingine nyingi kati ya Goma na Sake. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za pande za Mugunga na Lac Vert, wakafa watu wengi, watoto wakiwa ndani. Mu Januari 2025 vita viliingia muji, na katika Februari kambi ziliondolewa kwa siku chache. Wanamemba wengi wa chama chetu walitoka katika siku zile, na wengine wanaendelea kufika kutoka ng'ambo ya mpaka.

Kila mara kambi inaondoka, si watu wote wanaondoka nayo. Anabaki mama aliyepata wanunuzi wa sombe yake, fundi aliyejulikana, mtoto aliye katikati ya mwaka wa shule. Wanatafuta chumba cha mbao kwenye avenyu ya karibu. Hivyo ndivyo kambi ilifanyika mtaa: pole pole, chumba kwa chumba.

Mwanafunzi mgeni katika inchi yake

Ndiye anayefika sasa, na anafika katika mahali pale pale.

Vijana wetu wengi walikwenda Uganda wakiwa wadogo. Rwamwanja ilifunguliwa tena 2012 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia mwaka ule. Walisoma kwa Kiingereza na wakapata diploma ya Uganda. Wakirudi Goma, wako Wakongomani kwa damu na kwa jina, lakini chuoni wanaanza kama wanafunzi wa kigeni. Diploma inaombwa ekivalansi. Masomo yako kwa Kifaransa. Karte ya uchaguzi, inayotumika hapa kama kitambulisho, wengi hawana. Goma ina vyuo vingi. ULPGL peke yake iko tangu 1985. Nafasi si taabu. Taabu ni miezi ya kwanza.

Mbele yao kulikuwa wanafunzi wa namna nyingine. Wakongomani walivuka Peti Barieri kwenda kusoma ULK kule Gisenyi, na Wanyarwanda walivuka kuja kusoma Goma, kila mmoja akirudi kulala kwao. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya Korona, na tena ulipopunguziwa saa mu Juni 2022, wengi walitambua kwamba kusoma ng'ambo bila mahali pa kulala ng'ambo ni kusoma kwa bahati.

Wako pia wale waliopanga Kampala, kule Katwe, Nsambya na Makindye. Sheria ya Uganda ya 2006 inaachia mkimbizi kutoka kambini na kuishi mjini, lakini mjini hapati chakula cha kambi. Walijifunza kule mambo yote ya mtaa wa bei ndogo: kulala watatu katika chumba kimoja, kununua makala kwa pamoja, kujua nani anakopesha na nani anadanganya. Ujuzi huo wanaurudisha nyumbani, na tusiudharau.

Hesabu ya Mugunga inaenda hivi. Chumba cha mbao kinalipwa bei ndogo sana kuliko chumba cha matofali Himbi. Lakini chumba kinalipwa mara moja kwa mwezi, na moto analipwa kila siku, kwenda na kurudi. Maji yanalipwa kwa bidoni. Mwanafunzi aliyepanga peke yake mbali na barabara anaona mwisho wa mwezi kwamba faida yote imeliwa na safari. Wanaofaulu ni wale wanaopanga wawili ao watatu, wanashiriki mbabula moja, na wanatembea mupaka Ndosho mbele ya kupanda bisi. Umeme pia unaingia katika hesabu. Kituo cha Matebe, Rutshuru, kilianza 2015, na ule wa jua wa Nuru kule Ndosho ulianza 2020. Lakini nyaya hazifiki kila avenyu. Uliza nani ana taa usiku, si nani ana bei ndogo tu.

Nani anailipa bei ndogo

Tukisoma historia hii kwa utaratibu, tunaona kwamba bei ya Mugunga iko ndogo kwa sababu kuna kitu muuzaji hatoi. Hatoi maji. Hatoi barabara. Mara nyingi hatoi karatasi ya kweli. Na pengine hatoi habari ya shimo lililo nyuma ya nyumba. Vitu hivyo vyote mwenye kufika anavilipa baadaye, na wakati mwingine kwa maisha.

Juu ya karatasi, tukumbuke sheria mbili. Ya kwanza ni sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973: udongo wote ni wa serikali, na mwenye parsele anatambuliwa kwa setifika ya kuandikishwa. Karatasi ya mauzo yenye mhuri wa chefu inaonyesha kwamba pesa ilitolewa; haimalizi ugomvi. Wandugu waliokaa Uganda miaka kumi, wakirudi na kukuta nyumba ya mtu mwingine juu ya parsele yao, wanaelewa tofauti hiyo vizuri kuliko mwanasheria.

Ya pili ni sheria ya upangaji ya 31 Desemba 2015. Kwa nyumba ya kuishi, garanti haipaswi kupita miezi mitatu. Wanafunzi wageni wanaombwa zaidi kwa sababu tu hawajui. Kujua sentensi moja kunaweza kumuachia mtoto pesa ya ekivalansi.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa Mugunga tungeweza kusema: siku ya kwanza muonyeshe shimo, ya pili muonyeshe maji, ya tatu mupeleke kwa chefu wa avenyu ajulikane. Vikundi vyote nilivyoviona vikikaa vizuri kwenye kartie hii, wahanga wa volkano, wakimbizi wa Masisi, wanafunzi, vilikuwa na mtu wa kufanya kazi hiyo. Vilikuwa pia na likelemba, hata ya pesa kidogo, ili mwezi mbaya wa mmoja usimurudishe barabarani.

Kwa marafiki wanaotusaidia tunasema hivi. Zamani msaada wa Mugunga ulikuwa hema na mahindi, na wakati ule ulihitajika. Leo anayefika hana kambi ya kufikia. Anahitaji garanti ya kwanza, gharama ya ekivalansi, miezi michache ya kujifunza Kifaransa, na njia ya kupokea pesa wakati benki zimefunga, kama tulivyoona tangu Januari 2025. Ni vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye picha. Lakini mwanafunzi aliyepata hivyo vinne anabaki chuoni, na mwaka unaofuata ndiye anayempokea mwingine.

Kwa wanamemba wenye mtoto anayekuja, tunaomba mambo haya mbele hajapanda gari:

Atume jina la avenyu anayoambiwa, ili mtu wa chama apite kuiona asubuhi mapema, saa ile ya mazuku, si mchana.

Asitume garanti kwa simu kwa komisioneri ambaye hakuna anayemjua, na isipite miezi mitatu.

Abebe diploma ya asili na nakala, pamoja na karatasi zote za ukimbizi. Usizitupe ati kwa sababu umerudi.

Asipange peke yake mwaka wa kwanza.

Akifika, ajulishe chefu wa avenyu na sisi pia.

Na wewe uliyekaa Mugunga miaka mingi, ukiona kijana anashusha godoro kwenye nyumba iliyo karibu na shimo unalolijua, usipite kimya. Simama umuambie.